Usaili wa Utumishi: mwongozo kamili kuanzia namba ya NIDA hadi barua ya kupangiwa kituo

Asubuhi ya usaili, nje ya geti, huwa kuna watu waliokwisha rudishwa. Ukiwauliza, hakuna atakayekwambia mtihani ulikuwa mgumu, maana hawakuuona. Mmoja kaja na matokeo ya kidato cha nne aliyochapisha steshenari badala ya cheti. Mwingine cheti kinamwita Mwanaidi na kitambulisho kinamwita Mwanahidi. Wa tatu hakunakili namba yake ya mtihani na simu imezima. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye karatasi, halafu ndiyo uje kwenye kusoma.

Ninayoyaeleza hapa ni ya ajira za Serikali Tanzania Bara zinazopitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ile ambayo watu wengi huiita tu "Utumishi" au "Ajira Portal". Zanzibar ina utaratibu wake. Majeshi nayo huajiri kivyake: polisi, Uhamiaji, Magereza, JWTZ. Baadhi ya taasisi kubwa pia huendesha usaili wao. TRA mwaka 2025 ilitangaza nafasi 1,596 na maombi yakapita laki moja. Na wenye kumbukumbu hawajasahau Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 walipojaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa nafasi 70 za Uhamiaji. Walimu, ambao zamani walikuwa wakipangwa moja kwa moja na TAMISEMI, tangu mwaka 2024 wanapita kwenye usaili kama kada nyingine.

Nani anaruhusiwa kuomba

Sekretarieti iko kwa mujibu wa Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya 2002 kama ilivyorekebishwa mwaka 2007. Masharti ya jumla hujirudia karibu katika kila tangazo: uwe raia wa Tanzania, na umri usizidi miaka 45, isipokuwa kama tayari uko kazini serikalini. Mtumishi wa umma aliyejiendeleza na sasa anataka kada nyingine anapitisha barua yake ya maombi kwa mwajiri. Aliyekwisha staafu utumishi wa umma haombi, labda awe na kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi. Mwenye ulemavu anahimizwa kuomba na aitaje hali yake kwenye mfumo, asiifiche, ili maandalizi ya usaili yamzingatie.

Sifa za kada ni jambo jingine, na hapo usijidanganye. Tangazo la Dereva Daraja la II likisema cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja E au C uliyoifanyia kazi si chini ya mwaka mmoja bila kusababisha ajali, pamoja na mafunzo ya msingi ya udereva ya VETA au NIT, basi yanatakiwa yote. Leseni ya daraja D na uzoefu wa miaka kumi kwenye daladala havizibi pengo hilo. Omba pale sifa zako zinapokaa sawa na maandishi ya tangazo. Kuomba kila kitu "huenda nikatoboa" kunakupotezea muda ambao ungeutumia kusoma.

Karatasi

Kazi hii ifanye sasa, hata kama hakuna tangazo lolote. Dirisha la maombi mara nyingi ni wiki mbili hivi, na wiki mbili hazitoshi kufuatilia cheti kilichopotea.

Cha kwanza ni namba ya NIDA, yaani namba ya kitambulisho cha Taifa, maana bila hiyo huwezi kufungua akaunti. Si lazima uwe na kadi mkononi. Namba yenyewe inatosha kuanzia. Cha pili ni cheti cha kuzaliwa kutoka RITA. Kisha vyeti vya kidato cha nne, kidato cha sita kwa aliyefika huko, na vyeti vya chuo pamoja na nakala ya matokeo ya masomo yote. Cheti kiwe cheti. Hati za muda, barua za shule, karatasi za matokeo ya NECTA na barua za "matokeo ya awali" za vyuo zote hukataliwa, na zinakataliwa mara mbili: kwenye mfumo, na tena getini. Kama umemaliza chuo na cheti hakijatoka, kifuatilie kwa msajili kabla ya kutumia nauli ya kwenda kwenye usaili.

Uliyesoma nje ya nchi una hatua moja zaidi. Shahada inahakikiwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), stashahada na astashahada NACTVET (ndiyo NACTE ya zamani), na vyeti vya sekondari NECTA. Hata aliyesoma Uganda au Kenya anahusika, na wengi wa mipakani hulisahau hilo.

Kada zenye bodi zinadai usajili: wahandisi ERB, wahasibu wanaotakiwa CPA kwa NBAA, ununuzi na ugavi PSPTB, madaktari na wauguzi kwa mabaraza yao. Siku ya usaili unakuja na cheti halisi cha usajili, na leseni hai pale inapodaiwa. Iliyoisha mwezi uliopita si leseni.

Sasa majina. Hapa ndipo mimi mwenyewe niliungua. Cheti changu cha kuzaliwa kina herufi moja isiyo kwenye cheti cha kidato cha nne, kosa la mtu aliyejaza fomu ya usajili wa mtihani nikiwa darasani, nami nikaliona dogo kwa miaka tisa. Halikuwa dogo. Panga vyeti vyako vyote mezani, kuanzia cha kuzaliwa hadi cha mwisho cha chuo, weka na kitambulisho cha Taifa pembeni, kisha soma majina herufi kwa herufi na kwa mpangilio wake. Ukiona tofauti, tafuta hati ya kisheria ya majina, yaani hati ya kubadili jina (deed poll) iliyosajiliwa. Jina la ndoa lisijiingize peke yake kwenye akaunti wakati vyeti vyote vina jina la baba.

Mwisho ni skani. Zitoe nyaraka kwenye mashine halisi ya steshenari, ziwe PDF zinazosomeka na zisizozidi ukubwa ambao mfumo unautaja. Picha ya simu yenye kivuli cha kidole haisomeki.

Akaunti na maombi

Mfumo uko portal.ajira.go.tz. Ukijisajili kwa namba ya NIDA, taarifa zako za msingi zinakuja zenyewe. Barua pepe na namba ya simu ziwe zako mwenyewe, siyo za mwenye steshenari. Nimeona watu wanne wamefunguliwa akaunti kwa barua pepe moja ya kijana wa dukani, kijana kahama, na nywila kaondoka nayo.

Jaza kila sehemu: elimu, mafunzo, uzoefu, kompyuta, lugha, wadhamini watatu. Kwenye elimu kuna mtego. Unapochagua kozi uliyosoma, tafuta jina linalolingana na cheti chako, siyo linalofanana tu. Mchujo wa kwanza unategemea ulichochagua hapo, na aliyesoma Usimamizi wa Rasilimali Watu akajiandikisha "Utawala wa Biashara" asishangae jina lake kukosekana.

Jambo la pili ni mkoa unaoishi sasa. Usaili wa mchujo, yaani mtihani wa kwanza, siku hizi hufanyika mikoani, na makazi uliyoyajaza ndiyo yanayokupangia kituo. Ukihama kutoka Mwanza kwenda Mbeya, huisha taarifa mara moja, vinginevyo utalala kwenye basi kufuata mtihani wa saa moja.

Barua ya maombi isainiwe kwa mkono, ielekezwe kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. Iandike fupi: kada unayoomba, sifa zako kwa mistari mitatu minne, basi. Usingoje siku ya mwisho. Usiku wa kufunga dirisha mfumo huelemewa na umeme nao hukatika, na hakuna atakayekusikiliza.

Kuomba hakuna ada. Anayekupigia akisema jina lako liko kwenye mkeka (orodha ya walioitwa) ila linahitaji "kusukumwa" ni tapeli, hata kama anajua namba yako ya NIDA. Namba ya TAKUKURU ya bure ni 113.

Tangazo ndilo silabasi

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie. Watu wakishatuma maombi hukimbilia kwenye magrupu ya WhatsApp kutafuta desa (maelezo ya kujisomea yanayosambazwa) na maswali ya mwaka juzi, ilhali mtihani wenyewe tayari wanao kwenye simu: orodha ya majukumu ya kazi ndani ya tangazo. Watungaji wanampima mtu atakayefanya kazi hizo, kwa hiyo maswali huzaliwa humo.

Chukua mfano wa Mtendaji wa Kijiji Daraja la III. Tangazo linasema yeye ni Afisa Masuuli na Mtendaji Mkuu wa Serikali ya Kijiji, ni katibu wa mikutano na kamati zote za Halmashauri ya Kijiji, anasimamia ulinzi na usalama wa raia na mali zao, anaratibu mipango ya maendeleo, anasimamia ukusanyaji wa mapato na utungaji wa sheria ndogo, anapokea na kutatua malalamiko. Chukua daftari, andika kila jukumu juu ya ukurasa wake, halafu jiulize chini yake: kwa sheria ipi, na nani, kwa hatua zipi, na mambo yakiharibika nafanya nini?

"Katibu wa Halmashauri ya Kijiji" peke yake itakupeleka kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982. Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe wangapi? Wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Mkutano Mkuu wa Kijiji unahusisha akina nani? Wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Muhtasari wa kikao una vipengele gani? Mwenyekiti akikataa kuitisha mkutano, wewe unamwandikia nani? Ukurasa wa sheria ndogo una safari yake: pendekezo la Halmashauri ya Kijiji, mjadala wa wananchi, idhini ya Halmashauri ya Wilaya. Kwenye malalamiko utakutana na ardhi tu, kwa sababu vijijini malalamiko ni mipaka ya mashamba, na hapo unafungua Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, wanawake wasiopungua watatu.

Ukimaliza kurasa zote una maswali mengi kuliko desa yoyote, na majibu umeyatafuta mwenyewe. Kazi hii inachukua wiki mbili za jioni. Njia ni hiyohiyo kwa mhasibu, afisa TEHAMA au mtunza kumbukumbu. Kinachobadilika ni sheria na mifumo tu.

Kuhusu desa, zina sumu moja: zinazeeka. Desa ya ununuzi inayozunguka mitandaoni bado inanukuu Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011 na mfumo wa TANePS, ilhali sasa kuna Sheria Na. 10 ya 2023 na mfumo wa NeST. Desa ya utawala inaeleza OPRAS kana kwamba bado ipo, wakati upimaji wa watumishi umehamia PEPMIS. Na kuna watu bado wanakariri malengo ya Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025 wakati Dira 2050 ilizinduliwa Dodoma Julai 2025. Soma desa kwa kujua maswali yanavyoulizwa, lakini majibu yatoe kwenye sheria yenyewe. Sheria nyingi zinapatikana bure kwenye tovuti za Serikali na Bunge.

Yale ambayo kila kada huulizwa

Kando ya taaluma, jiandae kwa mambo ya utumishi wa umma kwa ujumla. Kanuni za Maadili ya Utendaji katika Utumishi wa Umma za 2005 zina misingi minane: kutoa huduma bora, utii kwa Serikali, bidii ya kazi, kutoa huduma bila upendeleo, uadilifu, kuwajibika kwa umma, kuheshimu sheria, na matumizi sahihi ya taarifa. Ukikariri orodha bila mifano umefanya nusu ya kazi. Kwa kila msingi andika kisa kimoja cha ofisini: mwananchi kakuletea mbuzi baada ya kumhudumia, bosi kakuagiza ulipe hati isiyo na viambatisho, rafiki anataka kuona jalada la mtu mwingine.

Ongeza Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009 kwa mambo ya likizo, uhamisho na nidhamu, muundo wa Serikali Kuu na serikali za mitaa, mihimili mitatu ya dola, na maana ya mkataba wa huduma kwa mteja. Hayo yanatosha. Sijaona faida ya kukariri majina ya mawaziri wote na miji mikuu ya Afrika.

Mchujo na vitendo

Majina ya walioitwa hutoka kwa PDF ndefu, mkeka wenyewe, na muda kati ya mkeka na mtihani ni mfupi. Ukisubiri mkeka ndipo uanze kusoma, umechelewa. Mkeka ukitoka, ingia kwenye akaunti, nakili namba ya mtihani kwenye karatasi, soma tarehe, saa na kituo. Namba haitolewi pale kituoni.

Mchujo unaweza kuwa wa karatasi au wa kompyuta. Kama hujazoea kompyuta, kaa kwenye mashine ya rafiki siku mbili tatu ufanye majaribio ya maswali ya kuchagua kwa saa iliyopimwa. Mara nyingi kinachowaangusha wenye shahada ni mwendo: dakika kumi kwenye swali la tatu, kisha maswali kumi na tano ya mwisho hayajaguswa. Pita kwanza kwenye yote, jibu unayoyajua, ndipo urudi. Jizoeze kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kwa sababu istilahi uliyoijua kwa lugha moja inaweza kukupotea ikija kwa nyingine. Afisa masuuli (accounting officer), hati ya malipo (payment voucher), akidi (quorum), bakaa (balance): wangapi wamesoma uhasibu miaka mitatu bila kuyasikia maneno hayo?

Usaili wa vitendo ni wa kada chache, na hauna ujanja. Dereva ataendesha na kukagua gari. Mwandishi Mwendesha Ofisi, ambaye tangazo linamtaka awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika, ajipime kwa saa na sauti ya mtu mwingine akimsomea. Mkono uliolala miezi sita hauamki kwa siku moja.

Siku yenyewe

Gharama zote ni zako: nauli, gesti, chakula. Fika mjini jana yake, uende ukakione kituo jioni ili asubuhi usiulize bodaboda. Kwenye bahasha weka vyeti halisi vyote, cheti cha kuzaliwa, hati ya majina kama inakuhusu, na kitambulisho. Kinachokubalika ni cha Taifa, cha mpiga kura, cha mkaazi, leseni ya udereva, hati ya kusafiria, au barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Hiyo barua usiiache mpaka asubuhi. Mtendaji naye ana safari zake.

Mahojiano

Aliyevuka mchujo anaitwa ana kwa ana mbele ya jopo. Maswali ni machache na kila msaili anaweka alama zake, kwa hiyo kigugumizi kwenye swali moja hakikuangushi, lakini kukata tamaa baada yake kunakuangusha.

Swali la kwanza karibu daima ni kujieleza. Watu huanza na kijiji, idadi ya ndugu na shule ya msingi, na muda unaisha wakiwa darasa la sita. Jieleze kwa dakika mbili: jina, taaluma, ulichofanya kinachogusa kada hii, kujitolea kukiwemo, na unachokiweza. Kama umejitolea mwaka mzima kwenye zahanati au ofisi ya kata, hapo ndipo pa kusema, kwa kazi uliyoifanya kwa mikono yako, siyo "nilipata uzoefu mbalimbali".

Maswali ya taaluma yajibu kwa mpangilio: maana, hatua, mfano. Ukiombwa hatua tano, hesabu kwa sauti hadi tano. Usipolijua swali, sema hulifahamu vizuri kisha toa unachokijua kilicho karibu nalo. Jopo limekwisha sikiliza watu arobaini siku hiyo na linamtambua anayebuni. Mbele ya wazee hao "shikamoo" inaitikiwa vizuri, kisha subiri ukaribishwe kiti.

Baada ya hapo

Matokeo hutoka kwenye tovuti na kwenye akaunti. Unaweza kufaulu na usipangiwe, kwa kuwa nafasi zilikuwa chache kuliko waliofaulu. Jina lako linabaki kwenye kanzidata kwa muda maalumu, na nafasi ya kada hiyohiyo ikipatikana katika halmashauri au taasisi nyingine unaweza kuitwa kazini bila usaili mpya. Kwa hiyo usibadili namba ya simu, na fungua kila PDF ya kuitwa kazini hata kama hukuomba taasisi hiyo. Mwenzangu mmoja aliliona jina lake siku nne kabla ya muda kuisha, na ni binamu yake aliyemtumia picha ya ukurasa.

Ukipangiwa, pakua barua yako kwenye akaunti, soma tarehe ya mwisho ya kuripoti, uende na vyeti halisi kwa mwajiri kwa ajili ya uhakiki. Asiyeripoti kwa wakati nafasi yake hupewa mwingine. Miezi 12 ya kwanza ni ya majaribio, na barua ya kuthibitishwa kazini ina jalada lake. Lifuatilie kwa afisa utumishi wako mwezi wa kumi na moja, usisubiri wakukumbuke.